Mpe mtu nafasi, usimpungie mkono: jibu kwa mtoa mada wa IST

Mkuu, acha. Kesho asubuhi kabla hujawasha gari, acha huo mchezo.

Kwa waliochelewa: mtoa mada amehamia Dar kutoka Singida, amechukua Toyota IST, na kwa kuwa anaona madereva wa huku hawana ustaarabu, ameamua yeye awe mfano. Foleni ya jioni anasimama, anawapungia mkono wanaotoka barabara za mtaani wapite. Usiku anawapigia full, yaani anawamulikia taa kubwa. Anauliza kipi bora kati ya mkono na full, kama hazadi (indiketa zote kuwaka pamoja) za kushukuru ni lazima, dashcam ipi (kamera ya kurekodi barabara) anunue, na kama bima kubwa ina faida kwa gari la umri ule. Waliotangulia kuchangia wamemmwagia sifa, "tungekuwa na madereva kama wewe" na kadhalika. Wanamdanganya.

Kati ya mkono na full hakuna kilicho bora. Mkono wako ukae kwenye usukani na full zikae kwa ajili ya giza. Unataka kumpisha mtu, mwachie nafasi, basi. Usimuite. Kuacha nafasi maana yake "mimi sisogei". Kupunga mkono, yeye anaelewa "njia ni nyeupe, njoo". Hilo la pili huna uwezo wa kulijua, na hapo ndipo watu wanapovunjika miguu.

Tuichukue hiyo hali yako uliyoieleza. Wewe uko kwenye foleni, barabara ya kwenda na kurudi isiyo na ukuta katikati. Kushoto kwako kuna barabara ya mtaa, na mtu anatoka huko anataka kukata kulia. Unasimama, unampungia. Huyo mtu ana maeneo matatu ya kuvuka, na wewe unalitawala moja tu, lile lililo mbele ya bampa yako. La kwanza ni ule upenyo kati ya gari lako na ukingo wa barabara, mita moja au pungufu, ambao ni barabara kuu ya bodaboda wote wa mji huu. La pili ni mbele yako wewe. La tatu ni upande wako wa kulia, ambako magari ya upande wa pili yanakuja, na ambako pia bajaji na bodaboda wa nyuma yako wameshachoka na foleni na wanakula njia ya watu wanayapita magari yaliyosimama. Kwa hiyo kwenye upenyo wa kushoto kitu kinamjia kutoka kulia kwake, na kwenye lile la tatu vinamjia kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja. Na yeye hatazami popote kati ya hapo. Anakutazama wewe, anasema ahsante.

Sasa hesabu. IST ina urefu wa mita 3.8 na ushee. Kutoka imesimama, kuvuka upana wa njia mbili na mkia wake wote utoke, kwa mwendo wa kawaida inachukua kama sekunde nne. Bodaboda anayekimbia kilomita 40 kwa saa anakula mita 44 kwenye hizo sekunde nne. Akiwa kwenye 50 ni mita 55. Maana yake, ili mkono wako useme kweli, unatakiwa uwe umeona mita hizo zote nyuma yako, kushoto na kulia, hazina kitu na hazitakuwa na kitu. Nyuma yako kuna Coaster. Unaona nini zaidi ya kioo chake na stika ya "Mungu Ndiye Mwamuzi"? Na kile kioo chako cha pembeni kushoto kimebinuka, vitu vinaonekana vidogo na mbali kuliko vilivyo. Bodaboda unayemwona yuko kule, yuko hapa.

Halafu yule anayetoka naye haoni. Kutoka ncha ya bampa mpaka macho ya dereva ni karibu mita mbili. Ili achungulie ule upenyo wa kushoto kwako, lazima boneti iwe imeshaingia ndani yake. Mtu aliyeachwa ajiamulie anajua hilo: anashusha kioo, anazima redio asikie pikipiki, anasogea kidogo kidogo kwa breki, anasimama, anachungulia, anasogea tena. Mtu aliyepungiwa mkono hafanyi hata moja. Anakanyaga mafuta, maana hataki kumchelewesha mheshimiwa aliyempisha, na huko nyuma watu wameshaanza honi. Wema wako umemwondolea umakini wake wote na kumwongezea haraka. Ungemfungia njia kabisa angekuwa salama zaidi.

Na kinyume chake ni hivyohivyo. Yule anayekuja mbele yako na anataka kukata kulia kuingia mtaani, ukimpungia apite mbele yako, anamaliza kwako vizuri kabisa na kumkuta bodaboda kwenye ule upenyo wa ukingoni. Hawakuonana, gari lako lilikuwa limewaziba. Wanakutana ubavuni, mlango wa mbele kushoto, palepale alipokaa abiria.

Sasa ngoja niseme kuhusu walimu wa udereva, maana hapa ndipo damu inapochemka. Kuna mwalimu mmoja, chuo sikitaji, aliyekuwa anawafundisha watu kwamba "dereva mzuri anajulikana kwa mkono wake", anakaa pale kushoto anamwambia mwanafunzi mpishe huyo, mwite, mwite! Ada imelipwa, cheti kimetoka, leseni imetoka. Hakuna siku alisema kwamba mkono unaotambulika kuongoza magari ni wa askari wa usalama barabarani, na kwamba mkono wa dereva mwenzako haubadilishi haki ya njia hata chembe. Anayetoka barabara ndogo anabaki ndiye mwenye wajibu wa kusubiri, apungiwe asipungiwe. Trafiki akija kupima anakuta gari lililotoka mtaani liko katikati ya barabara kuu, pikipiki iko chini yake, na kesi ya uzembe ina mwenyewe tayari. Aliyepunga mkono yuko wapi? Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Huyu ametenda na ameenda zake kwelikweli, yuko Mbezi anakunywa chai. Na kama bima ni ndogo, italipa ya yule uliyemgonga. Yako unajitengenezea. Bei ya taa ya mbele ya IST naijua, mpya na used, kulia na kushoto, na msiniulize naijuaje.

Zebra ni jambo tofauti, usichanganye. Pale kumpisha mtembea kwa miguu ni sheria, huna cha kuamua. Lakini hata pale usimpungie. Kwenye barabara yenye njia mbili kila upande, ukisimama njia ya kushoto umemziba mtembea kwa miguu asionwe na anayekuja njia ya kulia. Gari kwenye kilomita 50 linatembea mita 14 kila sekunde, na hiyo sekunde ya kwanza inaisha kabla mguu haujagusa breki. Lami ikiwa kavu ongeza nyingine kama 14 za kusimama. Mtu anatokea puani kwa boneti yako, mwenzako ana mita tano. Mtoto wa shule ndiyo kabisa: ukimpungia anakimbia, na anakimbia akiangalia uso wako.

Fanya hivi. Anza breki mapema na kwa kugusagusa, ili taa za nyuma ziseme kabla yako. Simama mita nne au tano kabla ya mistari, usikanyage mistari, hapo yeye na dereva wa njia ya pili wataonana. Kioo cha pembeni kulia ukitazame. Anayekuja akiwa hapunguzi, toa mkono wa kulia dirishani, kiganja chini, upandishe na kushusha taratibu. Hiyo ni ishara halali ya kupunguza mwendo, na inaelekezwa kwa magari ya nyuma, haiendi kwa mtembea kwa miguu. Huo ndio mkono pekee ninaouruhusu kwenye gari lako.

Morogoro Road nako, usimwite mtu avuke nje ya mataa au kivuko kwa sababu tu foleni yako imesimama. Katikati kuna njia za mwendokasi, na lile basi refu la mita 18 haliko kwenye foleni yenu.

Full sasa. Huku full moja ina maana "pita", "usithubutu, nakuja mimi", "trafiki wako mbele", na "punguza taa zako unaniumiza". Nne, na zote zinafanana. Kitabu cha barabara cha Uingereza kinaruhusu kupiga full kwa maana moja tu, kujulisha kwamba upo, na kinakataza kuwaita watembea kwa miguu wavuke kwa mkono, taa au honi. Wenzetu wale foleni zao hazina hata bodaboda.

Ukisafiri kwenda nyumbani utakutana na malori yanayokupa indiketa ya kushoto ili uyapite. Dereva wa lori anaona mbali, sikatai, lakini haijui injini yako wala mzigo wako, na indiketa hiyohiyo ya kushoto inaweza kuwa anaingia pembeni kupaki. Ya kulia inaweza kuwa "usinipite" au yeye mwenyewe anataka kumpita wa mbele. Ipokee kama taarifa. Njia uione kwa macho yako, na kwenye kona usiipokee kabisa.

Kipilefti: ukishaingia ndani, usisimame kumpisha anayesubiri nje. Yeye ndiye wa kukusubiri wewe unayemjia kulia kwake. Ukisimama, wa nyuma yako anaziba mlango uliopita, wa nyuma yake anaziba mwingine, mzunguko mzima unajifunga na mnabaki kupigiana honi mpaka magharibi.

Kuhusu kuacha nafasi yenyewe, iwe pale tu ambapo tayari umesimama au unatambaa. Usifunge breki kwenye kilomita 60 ili kufanya hisani, aliye nyuma yako hana taarifa ya hisani hiyo. Acha nafasi ya urefu wa gari moja na nusu mbele ya mdomo wa mtaa, tazama mbele kama huna habari naye, mguu kwenye breki. Akitaka atatoka, akichungulia akarudi ujue ameona kitu. Akikuuliza kwa macho "niende?", usitikise hata kichwa. Atakuona una kiburi. Sawa. Foleni ikisogea na hajatoka, nenda.

Na wewe ukipungiwa, ichukue kama "huyu mmoja hasogei". Njia nyingine zote hesabu zina magari mpaka uone hazina.

Hazadi za kushukuru si lazima, na kwenye magari mengi zikiwaka indiketa haifanyi kazi, kwa hiyo unashukuru huku wa nyuma hajui unahama njia. Dashcam sijui mliambiana nini huko juu, lakini kama utanunua, nunua yenye kamera ya nyuma pia, maana atakayekuingia siku utakayofunga breki kumpisha mtu atatokea huko.