Unahamisha utengenezaji wa losheni? Usifunge karakana ya zamani kwanza

Wengi wanaoniuliza habari za kuhama huanza na bei ya lori na kodi ya jengo jipya. Mimi huwauliza kwanza: maji ya huko umeyapima? Sehemu kubwa ya losheni ni maji, na hiyo ndiyo malighafi ambayo huwezi kuhama nayo.

Tulipohamisha kazi yetu kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha, fomula ilibaki ileile. Vingine karibu vyote vilibadilika. Arusha iko juu, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kama daftari lako linasema "chemsha, kisha acha yapoe dakika kumi", utapata kitu kingine kabisa. Andika nyuzi joto. Sisi tunafikisha maji na mafuta kwenye 75 ndipo tunachanganya, na anayeamua ni kipimajoto.

Halafu kuna baridi. Mafuta ya nazi huanza kuganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Asubuhi ya mwezi wa saba Arusha, ndoo nzima inakuwa nyeupe na ngumu. Usichote juujuu ukapima. Yeyusha ndoo yote, koroga, ndipo upime kwa mizani, maana sehemu iliyoganda na iliyo majimaji si sawa.

Ukihama, mara nyingi unakuza na ujazo, na hapo ndipo wengi wanaumia. Pipa la lita 200 halipoi kama ndoo ya lita 20. Katikati hubaki na joto kwa saa nyingi. Kwenye mafuta ya mgando yenye shea (mafuta mazito ya mbegu za mti wa shea), kupoa polepole huleta punje. Sugua kidogo mgongoni mwa mkono: ukihisi chengachenga zinazoyeyuka taratibu, ndiyo hiyo. Mteja ataamini yameharibika hata kama ni salama. Yapoze haraka huku ukikoroga, au fungasha kwa mafungu madogo. Kwa losheni, hakikisha mashine ya kuchanganyia inafika hadi chini na pembeni, la sivyo baada ya wiki chache inajitenga.

Sasa nirudi kwenye maji, kwa sababu hapa ni suala la ngozi ya mtu. Vihifadhi vingi vinavyopatikana kirahisi, kama sodiamu benzoeti, hufanya kazi pale bidhaa ikiwa na tindikali, yaani pH (kipimo cha tindikali; ikishuka, tindikali imezidi) ya 5 kushuka chini. Maji mapya yakiwa na magadi, pH inapanda na kihifadhi kinalala. Losheni itanukia vizuri siku ya kwanza, kisha ukungu utaota kwenye mfuniko. Pima pH ya kila bechi, yaani kila mkupuo unaotengeneza, ikishapoa. Simtanki la jengo jipya lisafishwe kabla hujachota hata jagi moja, na maji ya kutengenezea yachujwe vizuri na kuuliwa vijidudu.

Makaratasi nayo yasikusubirishe mwishoni. Tangu 2019 vipodozi Tanzania viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na jengo husajiliwa pale lilipo. Cheti cha jengo la zamani hakikufuati. Anza maombi mapema, na usichapishe lebo nyingi kabla anwani mpya haijakubaliwa.

Na yule dada anayekoroga kila siku, mketishe chini kabla ya kuhama. Muulize anajuaje kwamba imekuwa tayari. Atakwambia mambo ambayo hayamo kwenye fomula: inavyoshika kwenye mwiko, sauti ya mashine inavyobadilika, lini anapunguza kasi. Yaandike yote. Kama unaweza kuhama naye, mlipe ahame.

Ndiyo maana nasisitiza karakana mbili ziende pamoja kwa muda, ingawa kodi mbili zinauma. Tengeneza bechi tatu mfululizo kule kupya. Weka chupa za kila bechi kando ya chupa za zamani kwenye joto la nyuzi 40 kwa miezi mitatu, ukikagua harufu, rangi, losheni ilivyo nzito au nyepesi, na pH. Peleka sampuli maabara zipimwe vijidudu. Wakati huo wateja wahudumie kwa mzigo wa kule kwa zamani, wenye lebo ya zamani. Bechi zote tatu zikitoka sawa, mpe mwenye nyumba notisi.