Kupima methani kwenye pumzi: maandalizi mabovu huharibu majibu

Methani inayotoka kwenye pumzi hutengenezwa tumboni. Chakula kinapochacha utumbo hujaa haidrojeni, na vijidudu viitwavyo arkea, hasa Methanobrevibacter smithii, huitumia kutengeneza methani. Gesi hiyo huingia kwenye damu na kutokea mapafuni. Wengi wanayo na hawaumwi. Ikizidi, huendana na tumbo kujaa na choo kigumu, kwani hupunguza kasi ya utumbo.

Kabla ya kulipia kipimo, uliza: mashine inasoma methani, au haidrojeni peke yake? Methani moja humaliza molekuli 4 za haidrojeni. Ndiyo maana mwenye methani nyingi anaweza kuonekana hana haidrojeni kabisa, akaambiwa yuko sawa na kurudi nyumbani na tumbo lake lilelile.

Ziwe zimepita wiki 4 tangu umalize antibiotiki. Dawa za kulainisha choo zisimamishwe wiki 1, kwa ruhusa ya daktari. Siku ya kuamkia kipimo acha maharage, kabichi, vitunguu, dona, matunda na maziwa. Kula wali mweupe na samaki, kuku au yai, kiungo chumvi tu. Hapa ndipo wengi huteleza: kachumbari kidogo, au kitunguu kwenye mchuzi. Kisha funga saa 8 hadi 12, maji matupu ruksa. Asubuhi piga mswaki; sigara na mazoezi hapana.

Unapuliza kwanza ukiwa na njaa, halafu unakunywa laktulosi (sukari isiyosagwa na utumbo) gramu 10 au glukosi gramu 75, na kupuliza tena kila dakika 15 hadi 20 kwa saa 2 au 3. Kila unapopuliza, hewa ya mwanzo iache ipite, maana ni ya mdomoni na kooni. Ile ya mwisho ndiyo ijaze kifuko, la sivyo methani itasomeka pungufu.

Kwa makubaliano ya wataalamu wa Amerika Kaskazini ya 2017, methani ikifika sehemu 10 kwa milioni wakati wowote, hata kwenye sampuli ya kwanza, imezidi.

Madaktari wengine huandika antibiotiki mbili, rifaksimini pamoja na neomisini, kwa siku 14. Tafadhali usijinunulie: neomisini inaweza kuharibu masikio na figo. Na ukiona damu chooni au unakonda bila sababu, kipimo cha pumzi kisubiri; muone daktari kwanza.