Ukinakiliwa, Nani Atalipa Deni?

Safari hii karibu maswali yote ya wasomaji yanahusu ile mashine ya wanafalsafa: inasoma mwili wako chembe kwa chembe, kisha inaunda mwingine kama huo mahali pengine. Nimechagua machache. Waliouliza tena roho ina uzito gani watusamehe.

Nikinakiliwa, nitaona kwa macho manne kwa wakati mmoja?

Hapana. Ubongo wako na wa nakala yako haujaunganishwa na chochote. Yeye akikanyaga mwiba, atakayeruka ni yeye. Tafadhali tusirudie hili.

Mashine inausoma mwili wangu, inauteketeza, halafu anatokea Mirihi mtu mwenye kumbukumbu zangu zote. Nimesafiri au nimekufa?

Aliyeuvumisha mfano huu ni mwanafalsafa Derek Parfit, katika kitabu chake cha mwaka 1984. Wengi hujibu haraka kwamba wamesafiri, kwa kuwa wanajiweka katika nafasi ya anayeamka Mirihi. Ni kweli yeye atasema amefika salama. Lakini angesema hivyo hivyo hata kama wewe umekufa, basi ushahidi wake hautusaidii kitu.

Sasa tuseme mashine imesoma mwili wako ila ikashindwa kuuteketeza. Asubuhi uliung'ata ulimi. Unatoka kwenye kibanda cha mashine, ulimi bado unauma. Kwenye skrini yuko mtu wa Mirihi, naye anapapasa ulimi wake kwa jino, upande ule ule. Anakutajia jambo ulilolificha tangu utotoni, na wewe unamalizia sentensi yake. Kisha fundi anakohoa na kusema: samahani, kulikuwa na hitilafu, rudi ndani tumalizie kukuteketeza, maana umeshafika.

Utarudi ndani? Mimi sirudi, na sidhani kama wewe utarudi. Lakini angalia: Mirihi hakuna kilichobadilika. Mtu aliyeko huko ni yule yule katika visa vyote viwili. Kama kuwepo kwake hakukutoshi sasa unapoombwa urudi kibandani, kulikutosha vipi mwanzo, ulipoingia kwa hiari yako na begi mkononi?

Mwanafalsafa mwingine, Bernard Williams, aliibana hoja hii tangu miaka ya 1950. Waza mtu wa leo anaamka na kumbukumbu za Guy Fawkes, aliyenyongwa Uingereza mwaka 1606 kwa njama ya kulipua Bunge. Unaweza kushawishika kumwita Fawkes. Je, wakiamka wawili? Wote hawawezi kuwa Fawkes, kwani wangekuwa mtu mmoja, na hapo mmoja amekaa na mwingine amesimama. Na kama kumbukumbu zile hazimfanyi yeyote kati ya wawili kuwa Fawkes, hazikumfanya yule wa kwanza pia.

Parfit mwenyewe hakuikwepa hoja hiyo. Aliishia kusema kwamba kuwa mtu yule yule si jambo la kulihangaikia. La maana ni kumbukumbu, tabia na nia ziendelee, na kwa hiyo kuondoka kwa njia ya mashine si kubaya zaidi ya kuishi kama kawaida. Alisema imani hiyo ilimpunguzia hofu ya kifo. Mimi haijanipunguzia. Mipango yangu ikiendelezwa na mwingine nitafurahi, kama mzazi anavyofurahi. Lakini maumivu ya ulimi huu yanahisiwa hapa, na kutuma taarifa zake Mirihi hakumhamishi anayeyahisi. Tiketi ya mashine hiyo mimi sinunui.

Lakini si seli zote za mwili hubadilika kila miaka saba? Basi tunanakiliwa kila siku!

Hekaya ya miaka saba, karibu tena. Seli za utumbo hubadilika ndani ya siku chache, za damu ndani ya miezi, lakini nyuroni (seli za neva) nyingi za gamba la ubongo unazo tangu kuzaliwa. Wanasayansi walilipima hilo kwa kaboni-14, aina ya kaboni yenye mnururisho, iliyoenea hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia katikati ya karne iliyopita: seli hubaki na alama ya wakati ilipozaliwa. Ungesema atomi ndani ya seli hubadilishana, ungekuwa na hoja. Hata hivyo hubadilika kidogo kidogo huku kazi ikiendelea. Mashine ya Mirihi inaikata kazi hiyo.

Mtu aliyekloniwa kutoka kwangu atakuwa mimi?

Atakuwa pacha wako aliyechelewa kuzaliwa. Dolly, kondoo aliyekloniwa, alizaliwa mwaka 1996 kutokana na seli ya kondoo aliyekwisha kufa, na hakukumbuka chochote cha kondoo huyo.

Fizikia ya kwantamu inakataza kunakili. Mjadala si umekwisha?

Haujaisha. Uthibitisho wa mwaka 1982 unakataza kunakili kikamilifu hali ya kwantamu (hali ya chembe ndogo kabisa) usiyoijua. Ni kweli. Ila hujawahi kuwa katika hali ile ile ya kwantamu kwa sekunde mbili mfululizo, na bado ni wewe. Nakala ya kukaribiana sana inatosha kutuletea matatizo yote haya.

Kuna wanaoahidi kuhifadhi akili yangu kwenye kompyuta nikifa. Nilipe?

Usilipe. Mnyoo mmoja mdogo, mwenye nyuroni 302, alichorewa ramani ya mfumo wake wa neva mwaka 1986, na mpaka leo hakuna aliyemwiga kikamilifu ndani ya kompyuta. Ramani ya ubongo wa nzi mzima wa matunda, wenye nyuroni zipatazo 139,000, ilikamilika mwaka 2024. Wewe una takriban bilioni 86. Na ramani ya nyaya haikuonyeshi umeme unavyopita humo. Programu inayojibu kwa mtindo wa jumbe zako za zamani ndiyo kabisa haihusiki: inaiga usemi wako tu. Mwenye msiba mpya asiuziwe kitu hicho.

Nitajuaje kama nakala yangu ina fahamu, au ni ganda tupu linaloongea?

Kwa jirani yako ulijuaje? Hukumpima, ulimwona ni kiumbe kama wewe, ukaacha ubishi. Nakala inafanana nawe kuliko jirani. Mwanafalsafa David Chalmers aliwahi kutetea, mwaka 1996, kwamba tunaweza kuwaza kiumbe kama sisi kwa kila hali lakini asiyehisi chochote. Kuwaza ni sawa. Kumwambia mtu anayelia mbele yako kwamba halii kwa kuwa alitengenezwa jana ni jambo jingine, na wasomaji wengi walioniandikia wanalisema kwa wepesi unaonitisha. Mnazungumza kama nakala ni mali ya aliyetangulia, ya kutumwa kazini na kuzimwa jioni. Yule si wewe, nimeshasema. Lakini ni mtu, na hakuomba kuundwa.

Nikinakiliwa leo, deni langu la jana analipa nani?

Nyote wawili mnakumbuka kuahidi, na nyote mlikuwa na nia ya kulipa. Mwanafalsafa John Locke, mwaka 1694, aliliunganisha suala la mtu ni nani na la nani awajibike kwa matendo, na kwa kumbukumbu pekee mngebanwa wote. Ningesema aliyekopa ni wewe uliyeingia kibandani, kwa hiyo lipa wewe. Ila kama nakala ameondoka na nusu ya fedha, alipe nusu. Mkopeshaji asidai mara mbili.