Uvimbe wa mafuta: wangu niliutoa, wa shangazi tuliuacha

Mkuu, umeuliza kama huo uvimbe wa mgongoni, ambao daktari ameshakwambia ni mafuta, uutoe au ukae nao. Mkeo anakusukuma ukakatwe, mama anasema ukiguswa na kisu utageuka kansa. Mimi nilikaa na wangu miaka 6 kabla sijautoa, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonikuta.

Nianze na hofu ya mama, maana hata nyumbani kwetu ilikuwepo. Kisu hakigeuzi mafuta kuwa kansa. Kinachowatisha watu ni yule ambaye uvimbe wake ulikuwa kansa tangu siku ya kwanza, akaambiwa ni mafuta bila kupimwa vizuri, akakatwa, ukarudi kwa kasi. Majirani wakaona kisu ndicho kilichoanzisha. Kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba aliyekwambia ni mafuta aliushika, aliupima, hakuutazama kwa mbali tu.

Wangu ulikuwa nyuma ya bega la kushoto. Ukiubonyeza ni laini kama donge la unga wa chapati, ukiusukuma unateleza chini ya ngozi, hauumi. Daktari alisema hizo ni dalili njema. Akanitajia na zinazomfanya asimame: uvimbe kuzidi sentimita 5, kukua haraka, kuwa mgumu, kung'ang'ania mahali pamoja, kuzama ndani ya nyama, au kuuma. Ukiwa na hata moja kati ya hizo, unapigwa picha ya ndani hospitalini, kama altrasaundi au MRI, kabla ya kitu chochote. Rafiki yangu wa Chamwino wake ulikuwa pajani, umezama. Hakuguswa mpaka alipopigwa MRI pale hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Yalikuwa mafuta kweli, ila yamekaa ndani ya msuli, akatolewa kwa dawa ya usingizi na akalazwa.

Miaka 4 ya mwanzo niliuacha na sijutii. Kilichonibadilisha ni bomba. Nalima zabibu Mpunguzi, na mvua zikianza ubwiri, ule ukungu unaoshambulia mizabibu, hausubiri, unapulizia dawa mara kwa mara. Bomba la lita 16 likijaa, mkanda ulikuwa unakaa juu ya uvimbe kabisa. Jioni ngozi imechubuka, bega zima linawaka. Nikahamishia uzito wote bega la kulia, mgongo ukaanza kulalamika.

Hapo nilifanya kosa. Badala ya hospitali nikaenda kwa mzee mmoja aliyesifiwa kuyeyusha uvimbe kwa majani. Alinibandika siku tatu. Ngozi ilibabuka, nikauguza kidonda mwezi mzima, na uvimbe ukabaki vilevile. Mbaya zaidi, kovu la kule kubabuka lilinasa kwenye uvimbe, na daktari wa upasuaji aliniambia baadaye kwamba ndilo lililomchelewesha. Nakusihi usibandike kitu, na usikubali mtu autoboe akidhani ni jipu. Mafuta hayo hayatoki kwa kukamuliwa, yana kifuko chake.

Nilipopimwa ulikuwa umefika sentimita 6, nikatumwa altrasaundi kwanza. Nilipanga upasuaji Juni, baridi imeingia, jasho hakuna, na shamba limetulia. Nililazwa kifudifudi, nikachomwa sindano ya ganzi kuzunguka uvimbe. Ile sindano inaunguza, sikufichi, lakini ni kwa muda mfupi. Baada ya hapo nilisikia kuvutwavutwa tu, kama mtu anayepekua mfukoni mwako, huku nikizungumza na nesi. Ilichukua kama dakika 40. Daktari akanionyesha: bonge la njano lililong'aa, kama mafuta ya kuku wa kienyeji, limefunikwa na utando mwembamba. Alisema huo utando lazima utoke wote, ukibaki kipande uvimbe unaweza kuota tena. Kisha akaliweka kwenye kichupa chenye dawa liende maabara. Usikubali lako litupwe. Majibu ya maabara ndiyo yaliyomfanya mama yangu alale usingizi.

Siku ya tano bega lilivimba tena nikaingiwa na hofu kubwa. Kumbe ni maji, yamejaa pale palipobaki pango. Yalivutwa kwa sindano, nikafungwa bandeji ya kubana, yakaisha. Nyuzi zilitolewa siku ya 12. Bomba sikulibeba kwa wiki 4, kijana wangu alinisaidia.

Sasa shangazi yangu wa Kibaigwa. Wake uko shingoni, zaidi ya miaka 20, haujabadilika. Ana sukari na presha. Wanawe walichanga hela atolewe kwa sababu watu kanisani wanauangalia. Tulimpeleka, daktari akamuuliza yeye mwenyewe, siyo sisi: "Mama, unakusumbua nini?" Akajibu, "Mimi haunisumbui, unawasumbua hawa." Daktari akaeleza kwamba shingoni pana mishipa mingi, na sukari huchelewesha kidonda kupona. Tukarudi naye nyumbani, na naona tulifanya sawa.

Kwa hiyo jiulize wako unakuzuia nini. Kama unalala chali vizuri, unabeba mizigo yako, na hauongezeki, upime kwa rula na kuupiga picha ya kawaida ya simu kila baada ya miezi 3, basi. Kama unakuzuia kazi, au hata kama unakunyima raha ya kuvua shati mbele za watu, hiyo nayo ni sababu halali, ila ujue unabadilisha uvimbe kwa kovu. Na kama makovu yako huwa yanatuna, mwambie daktari mapema, maana mgongoni na mabegani hutuna zaidi. Ukitumia bima, uliza kabla kama inalipia na kipimo cha maabara.

Siku ya kwenda vaa shati la vifungo. Mimi nilivaa fulana, na kurudi nyumbani mkono haukunyanyuka kuivua, ikabidi mke wangu aikate kwa mkasi.