Simu yasema kawaida, kliniki wananiita

SWALI: Habari za kazi, Daktari. Nina kisukari, huu mwaka wa sita. Juzi nilipimwa mkojo, majibu yakaandikwa "albumini kwa kreatinini: 28" (nimeambiwa albumini ni protini ya damu inayovuja kwenye mkojo figo zikidhurika, na kreatinini ni taka ya misuli inayotolewa na figo). Kijana wangu ana programu ya kusoma vipimo kwenye simu. Akaingiza 28, ikatoa rangi ya kijani na neno "kawaida". Lakini muuguzi ananitaka nirudi kliniki. Nimsikilize nani? Picha ya karatasi nimeiambatanisha.

JIBU: Nzuri, mama. Msikilize muuguzi.

Nimeivuta picha yako hadi nikaona maandishi madogo yaliyofuata ile 28: mg/mmol, yaani miligramu za albumini kwa milimoli ya kreatinini. Programu ya kijana, nahisi, ilikuwa ikisubiri mg/g, miligramu kwa gramu. Kutoka kizio cha kwanza kwenda cha pili unazidisha kwa 8.84, kwa hiyo 28 yako ni kama 248. Kwa mg/g, chini ya 30 ndiyo kawaida, 30 hadi 300 albumini imepanda kiasi, na kupita hapo imepanda sana. Wewe uko kundi la kati, tena kwa juu. Hesabu ya simu haikuwa na kosa, ila ililishwa namba ya kizio kingine. Nami niliwahi kuteleza hapohapo, tena nimevaa koti jeupe, basi usimgombeze kijana. Mwambie afungue mipangilio atafute vizio.

Hata hivyo, jibu moja halitoshi kukuita mgonjwa wa figo. Homa, maambukizi ya njia ya mkojo, hedhi, hata mazoezi makali ya jana yake, vyote huweza kupandisha albumini. Programu haikukuuliza hata kimoja, muuguzi atakuuliza. Rudia kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ikibaki juu kwa miezi mitatu au zaidi, hapo tunataja ugonjwa sugu wa figo. Waombe pia kreatinini ya damu, maana mkojo peke yake hauonyeshi figo zinachuja kwa kasi gani.

Na vile vijiti vya kuchovya kwenye mkojo, vibadilike rangi, kisha uvipige picha kwa simu? Mwanga wa chumba ukibadilika, rangi nayo yabadilika. Tena ukinywa maji mengi mkojo huwa mwepesi na kijiti kinaweza kukosa protini iliyopo. Maji yakizidi, albumini na kreatinini hupungua pamoja, ndiyo maana maabara huzilinganisha.

Ukifika kliniki, taja dawa zote unazomeza, kisha uliza kama zimo za jamii ya enalapril au losartan. Hizo hushusha presha na kupunguza protini inayovuja.