Usimsagie kuku chakula kama sembe

Ninyi mnaoanza kufuga huku Mtwara na Lindi, hasa mliobakiza mtaji kwenye mauzo ya korosho, nawaambia jambo ambalo mimi sikuambiwa: unaweza kuchanganya chakula sawasawa kwa mzani na kuku bado wasikue, kwa sababu tu ya kilivyosagwa.

Kundi langu la kwanza lilikuwa kuku wa nyama 200, Mikindani. Nilipima mahindi, soya, mashudu ya ufuta na dagaa, nikapeleka mashineni. Kijana wa mashine akasaga kwa chekeche lile lile la unga wa ugali, nami nikafurahi kuona chakula kilivyo laini. Wiki ya pili vifaranga walikuwa na ugando wa unga midomoni, maji yao yamekuwa uji, na bandani huyu mkubwa yule mdogo, utadhani hawakuingia siku moja. Nilipochinja, firigisi zilikuwa ndogo na legelege. Zile firigisi ndizo zilizonifundisha.

Kuku hana meno. Firigisi ndiyo meno yake. Ni msuli, na msuli hukua kwa kazi. Chenga zikifika humo hukaa zikisagwa mpaka ziwe ndogo za kupita, na muda wote huo zinalowana asidi na vimeng'enya vilivyotoka kwenye tumbo dogo lililotangulia. Hata kilichokwisha kuingia utumbo mwembamba huweza kurudishwa nyuma kisagwe tena. Unga laini haukai. Hupita mbio, protini inafika utumboni haijaanza kuvunjwa vizuri, na mashudu uliyoyanunua kwa fedha nyingi yanaishia kwenye maranda.

Kuna na hili: kuku huchagua chakula kwa macho na mdomo. Chenga zisipolingana, wenye nguvu hudonoa kubwa na kuwaachia wanyonge vumbi. Humo kwenye vumbi ndimo zilimo vitamini, chumvi na madini uliyochanganya, kwa hiyo hakuna anayepata mlo kamili. Usimwage chakula kipya juu ya vumbi la jana. Waache wamalize kwanza, lakini usiwashindishe njaa.

Mashineni sema "niparazie", yaani kivunjwe kiwe chenga, usiseme "nisagie", na simama hapo hapo uone chekeche linalowekwa. Chukua kiasi, kisugue kwa vidole: usikie mchanga, si poda. Kwa chakula cha unga, chembe za kati ya nusu milimita na milimita moja zinafaa. Kifaranga wa wiki ya kwanza usimpe vipande vya nusu punje, hawezi kuvimeza.

Ukinunua chakula cha kiwandani, anza na chenga, kisha vidonge, yaani chakula kilichoshindiliwa vipande vipande, vya milimita 3 hadi 4 kuku wakifikisha wiki tatu hivi, ukibadilisha polepole kwa siku tatu nne. Kuku wa nyama hula vidonge vingi kwa muda mfupi na kumwaga kidogo, ndiyo maana hukua haraka kuliko wa unga. Ila fungua gunia utazame chini. Mzigo uliotoka Dar es Salaam mpaka Mtwara umetikiswa zaidi ya kilomita 500, na vidonge dhaifu hufika vimekuwa vumbi. Ukikuta hivyo, umelipa bei ya vidonge ukapewa unga.

Makopa ya muhogo tunayo tele huku kwetu na ni chakula kizuri cha nguvu, lakini yakisagwa hutoa vumbi baya linalowapalia kuku. Changanya lita moja au mbili za mafuta ya kula kwa kilo 100 za chakula, vumbi litulie. Wapo wanaonyunyizia maji. Ukifanya hivyo lowanisha cha kuliwa pale pale tu, maana kwa joto letu kinachacha upesi na ukungu ni sumu.

Kwa kuku wa mayai, kombe za pwani usizisage zote. Ponda sehemu yake zibaki vipande vya milimita 2 hadi 4, uwape jioni. Ganda la yai hujengwa zaidi usiku, wakati kuku hali kitu. Vipande hivyo hukaa kwenye firigisi vikiyeyuka kidogo kidogo mpaka alfajiri, ila unga wa kombe unakuwa umeshapita zamani.