Wazee Wakikataa, Ndoa ni Hiari ya Nani?

SWALI: Nina miaka 26, ni mwalimu. Mchumba wangu ana miaka 30. Posa imepokelewa, lakini wazee wangu wametaja ng'ombe 12 na yeye anao wanne tu. Baba anasema mahari isipotimia hakuna ndoa. Tuna hiari yoyote, au uamuzi ni wa ukoo? (Msomaji, Singida)

JIBU: Kisheria uamuzi ni wenu wawili. Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotumika Tanzania Bara, inataka ridhaa ya hiari ya wanaooana, na mtu aliyetimiza miaka 18 haombi ruhusa kwa mzazi. Kuhusu mahari, kifungu cha 41 kinasema ndoa iliyotimiza masharti mengine haibatiliki kwa kuwa desturi ya mahari haikufuatwa. Baba anaposema hakuna ndoa, anasema kwa mila.

Ila ukubwa wa hiari yenu unategemea mnafungia wapi. Kanisani, viongozi wengi huuliza kwanza kama wazazi wameridhia. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi Afrika Mashariki, binti huozeshwa na walii wake. Walii akikataa bila sababu inayokubalika kidini, shauri hupelekwa kwa kadhi, naye anaweza kumwozesha. Mahari ya Kiislamu ni mali ya bibi harusi mwenyewe, na akiridhia inaweza kulipwa baadaye. Ng'ombe wa ukoo ni jambo jingine kabisa. Wengi huyachanganya haya mawili, binti akaambiwa dini imekataza kitu ambacho dini haikukigusa.

Pasipohitajika idhini ya wazazi ni ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwa ndoa ya kiserikali. Pelekeni taarifa ya kusudio la kuoana angalau siku 21 kabla: majina yenu, umri, mnapoishi, majina ya wazazi, na kama kuna aliyewahi kuoa au kuolewa. Majina ya wazazi huandikwa, saini zao hazidaiwi. Chukueni vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na picha ndogo. Aliyeachika aongeze hati ya talaka, aliyefiwa cheti cha kifo. Taarifa hutangazwa, na mtu anaweza kuweka pingamizi, lakini liwe na msingi wa kisheria: undugu wa karibu, umri mdogo, au ndoa nyingine ambayo bado ipo. "Hatujalipwa ng'ombe" si pingamizi. Siku yenyewe mnahitaji mashahidi wawili watu wazima.

Kinachokwamisha wengi ni tarehe: ukumbi umeshalipiwa, kadi zimegawiwa, ndipo wanakumbuka zile siku 21. Kingine ni jina kutofautiana kati ya cheti na kitambulisho. Tengenezeni kiapo kwa wakili kabla ya kwenda dirishani.

Hata hivyo, tunakusihi usikimbilie huko wiki hii. Mila ina adhabu zake, nazo ni za kweli: mkigombana hakuna mzee atakayekubali kuwakalisha, na ukipata msiba utajua nani amesusa. Mrudisheni mshenga na pendekezo lililoandikwa: wanne sasa, waliobaki kwa awamu au kwa fedha. Andikeni jinsia, rangi na thamani ya kila mnyama kwa shilingi, tarehe aliyopokelewa, ndama atakuwa wa nani, na hasara ni ya nani ng'ombe akifa kabla ya ndoa. Pande zote zisaini, na mshenga pia. Ndoa ikivunjika kabla ya kufungwa, kifungu cha 71 kinaruhusu kudai zawadi zilizotolewa kwa sharti la kuoana. Bila karatasi, yanabaki maneno ya wazee hawa dhidi ya wale.

SWALI: Kaka zangu walinikuta chumbani kwa kijana, wakaita mfungishaji tukafungishwa ndoa ya mkeka usiku uleule. Niliitika kwa hofu. Nimeshaolewa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Pole sana. Kuitikia kwa kutishwa si ridhaa, na kifungu cha 38 kinaihesabu ndoa ya namna hiyo kuwa batili. Lakini kama kuna cheti chenye saini yako, utahitaji mahakama itamke hivyo. Andika leo, kumbukumbu ikiwa mbichi: nani alikuwepo, alisema nini, alishika nini mkononi. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Kama ulipigwa, chukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, utibiwe na majeraha yaandikwe. Kisha fungua shauri la kutangaza ndoa batili. Usikae. Kila wiki unayolala kwa huyo kijana, upande wa pili utasema uliridhia baadaye. Kama nyumbani si salama, waambie dawati hilo kabla ya jambo lingine lolote.

SWALI: Tunaishi pamoja mwaka wa tatu bila ndoa, kwa makusudi, ili sheria isituingilie. Tuko huru? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Si kama mnavyodhani. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawajua kama mume na mke, hudhaniwa wameoana. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, mfano kuonyesha kwamba mmoja tayari yumo kwenye ndoa ya mke mmoja. Hata ikipingwa, mahakama inaweza kuamuru matunzo na haki nyingine kwa mwanamke na watoto. Mjumbe, majirani na fomu za shule za watoto ndio hutoa ushahidi. Basi kiwanja mlichonunua pamoja kiandikwe majina yote mawili, na risiti za saruji na mabati zionyeshe nani alilipa kipi.